Masafa ya Arobaini

Mowlem, Nairobi
Jumapili, 10 Machi 2024

Kwako Baba Mdogo Phares,

Pokea salamu zetu sote. Baba anakusalimu. Mguu bado unamsumbua, lakini Jumapili anatembea mwenyewe hadi kanisani na hataki kushikwa mkono, unamjua kaka yako. Mama yuko. Mimi bado niko kwa kibanda chako, na bango sijaligusa: "Phares Elektroniki, Tunatengeneza Kila Kitu." Wateja wako wa zamani bado wanakuulizia. Nawaambia umesafiri.

Najua kasisi wa gereza alikupa habari ya Austine. Sijui alikwambia kiasi gani, kwa hivyo wacha nikwambie mwenyewe mara moja nisirudie. Jumapili tarehe nne Februari mwanao aliingia kwenye maji ya lile timbo la mawe huku nyuma yetu, lile lililoachwa likajaa. Kulikuwa na pampu ya kuvutia watu wa mijengo maji, ikakataa kuvuta. Akazama kutoa takataka kwa mdomo wa bomba. Hakutoka. Wapiga mbizi wa kujitolea walitafuta siku tisa. Maji ni meusi kama chai ya strungi, na chini kuna vyuma vya mashine za kukata mawe. Mmoja wao nusura anaswe. Wakatupa pole, wakafunga vitu vyao wakaenda.

Dani, mama yako, hajalia. Anakaa tu pale nyumbani Ukwala akiangalia barabara. Amesema mjukuu wake hawezi kukaa bila kaburi. Kama mwili hauonekani, basi lizikwe tunda la yago mahali pake, kama wazee walivyowafanyia waliopotelea ziwani. Tunda lenyewe amelichagua, liko kwa mti wa nyuma ya shule, limening'inia refu kama mkono wa mtu. Lakini likishazikwa ndiyo mazishi, imekwisha, kwa sababu kwetu mtu hazikwi mara mbili. Wewe ndiye baba. Naandika hili polepole ili ulione vizuri: Dani anangoja neno lako.

Mimi namwomba asubiri kidogo. Ninaunda nyambizi. Usicheke. Mwili wake ni bomba la maji taka la inchi nne, mota ni zile za kupangusa vioo vya gari, na kamera nimeiweka mbele ndani ya chupa nene ya glasi. Inachukua picha na kuziweka kwa kadi, nami naangalia ikitoka. Rimoti ni ya gari la mchezo. Juu ya maji inanitii vizuri sana. Ikizama tu kina cha goti, inakuwa kiziwi. Nimebadilisha betri, nimebadilisha antena, wapi! Wewe ndiye ulinifundisha redio. Nakosea wapi?

Mwana wa kaka yako,
Winny


Gerezani
2 Aprili 2024

Mpendwa Winny,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na afande wa barua aliisoma kabla yangu, kwa hivyo tuko wawili tunaokusalimu. Mimi ni mzima. Chakula ni kile kile. Mwambie kaka Sylvance anyooshe mguu kila asubuhi kabla hajateremka kitandani, na aache ukaidi. Ukaidi wa familia hii ulimtosha mtu mmoja, naye amefungwa.

Sasa nyambizi. Kuunda hujakosea, umekosea mawimbi. Rimoti za siku hizi zinatumia frikwensi ya █████, mawimbi mafupi mno, na maji huyanywa yote. Kina cha goti yamekwisha. Unataka mtambo wa zamani, ile rimoti kubwa yenye antena ndefu ya kuvuta. Frikwensi yake iwe █████ au █████. Hayo ni mawimbi marefu, yanaweza kushuka mita kadhaa katika maji yasiyo na chumvi. Baharini yangekataa. Jihadhari usiuziwe ya █████, hiyo imetengewa ndege za mfano, na chombo chako si ndege.

Lakini nisikize, na hapa sitanii. Usiwashe chombo hicho kabla hujapata kibali. Hewa ina wenyewe. Watu wengi huona hewa tupu wakadhani ni ya kila mtu, kumbe imegawanywa kama ploti, kila kipande na mwenyewe: ndege za kweli, ambulensi, mabaharia, jeshi. Ukipayuka kwenye kipande cha mwingine, unaweza kumziba mtu anayeita msaada. Mimi niko hapa miaka minne kwa kuunda vijisanduku vya kuziba mawimbi. Magari ya watu yakaibwa yakiwa hayawezi kusema yako wapi. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zilitimia. Sitaki uingie mlango huu ukinifuata. Nenda ofisi ya mawasiliano, jaza fomu, sema ukweli wote, ungoje. Hata wakichukua muda, ngoja.

Kibanda kisifungwe. Mzee wa duka la mbele bado ana redio yangu ya mezani, mwambie airudishe.

Ni mimi,
Phares


Mowlem, Nairobi
Jumapili, 19 Mei 2024

Kwako Baba Mdogo,

Tumepona. Umesikia mvua ya huku? Maji yaliingia kwa kibanda mpaka tukapandisha redio za watu juu ya paa la choo, na mama mmoja jirani alilala kanisani wiki mbili na watoto wake. Timbo lilijaa likamwagika. Baba anakwambia mguu ananyoosha, lakini mimi ninayekaa naye nakwambia hanyooshi.

Barua yako ilifika baada ya wiki nne, na kila mahali ulipoandika namba palikuwa pamepakwa wino mweusi. Nadhani afande alifikiri tunapanga kutoroka. Nilienda hivyo hivyo Eastleigh kwa Muse, yule anayeuza elektroniki za mitumba. Nikamwambia nataka rimoti ya zamani yenye antena ya kuvuta. Akacheka sana, "Dada, unafungua makumbusho?" Akachimba kwa katoni zake, akatoa mbili. Moja imeandikwa nyuma thelathini na tano na imechorwa ndege, nikakumbuka onyo lako nikairudisha. Nyingine ni arobaini. Niliijaribu kwa pipa la maji pale kwa kibanda, sekunde chache tu, Mungu anisamehe, na nyambizi ikasikia ikiwa chini kabisa. Baba Mdogo, nililia pale kwa pipa. Tangu hapo sijaiwasha.

Kwa ofisi nilipata mama mmoja anaitwa Mutheu. Fomu ina mahali pa ndege isiyo na rubani, ina mahali pa chombo cha majini, haina mahali pa nyambizi. Akaniuliza, "Sasa hii ni meli?" Nikasema ni meli inayoenda chini. Akasema, "Dada, meli ikienda chini si imezama?" Watu kwa foleni wakacheka. Nami nikamwambia ni nani ninayemtafuta huko chini. Akachukua kalamu akachora mstari pembeni mwa fomu, akaandika kwa mkono: nyambizi ya mfano, ya utafutaji. Akasema hiyo itapita kwa meza nyingi kwa sababu hawajawahi kuiona, nisichoke.

Sasa jambo lingine. Dani anangoja neno lako kuhusu yago. Nilikuandikia Machi. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma, nikaiinua kwa jua nione chini ya wino. Wino haukufika hapo. Hapo hukuandika kitu.

Winny


Gerezani
11 Juni 2024

Mpendwa Winny,

Nashukuru mmepona. Kwa yule mama aliyelala kanisani, kuna mabati manne nyuma ya kibanda, mpe.

Afande wa barua aliniita ofisini kwake. Si mtu mbaya. Alinionyesha barua yangu ya Aprili akasema namba zenye herufi za Kizungu nyuma yake zinafanana na lugha ya siri, na hawezi kupitisha kitu asichokielewa. Akaniambia, "Andika Kiswahili ambacho mama yangu angeelewa." Kwa hivyo nimemwendea Mzee Ngigi, mfungwa mwenzangu, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili kabla mambo yake hayajaharibika. Amenipa maneno mazuri. Barua hii ni safi, haina Kizungu, na naamini itakufikia nzima.

Kipokezi kilicho ndani ya nyambizi kipe waya mrefu unaofuata nyuma kama mkia, usiukunje. Weka kifaa ili chombo kikikosa kukusikia kwa sekunde tatu, kiteme maji na kupanda chenyewe, la sivyo utakipoteza nacho. Shusha mita mbili tatu kwa mara, usiwe na haraka.

Na la muhimu kuliko yote: ukipewa kibali, usitoke nje ya masafa yako ya arobaini. Ndani yake sheria inakulinda. Ukivuka hata kidogo umeingia kwa wenyewe, na hapo hakuna atakayekutetea. Weka alama ya kuonekana kwa macho, usitegemee kukumbuka. Mimi nilianza kwa kuvuka kidogo.

Mengine tutaongea. Salamu kwa mama.

Phares


Mowlem, Nairobi
Jumapili, 25 Agosti 2024

Kwako Baba Mdogo,

Huku ni baridi ile ya Agosti, kila mtu ana kikohozi. Baba amekubali fimbo. Mabati yalichukuliwa na yule mama anasema Mungu akukumbuke.

Kibali kilitoka! Mutheu alinipigia mwenyewe. Ni cha majaribio, miezi sita, nyambizi moja, nguvu ndogo, timbo lile tu na si mahali pengine. Nimekibandika kwa ukuta wa kibanda. Jumapili iliyofuata niliishusha. Nilifanya ulivyosema. Mkia wa waya, sekunde tatu, yote. Nilipima mita arobaini kutoka ukingoni nikavuta kamba yenye mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia, ya manjano, nione mpaka wangu hata jua likinipiga machoni. Kupita hapo ni upande wa yule jamaa mwenye uzio wa mabati, kwa hivyo nilielewa ulichosema kuhusu wenyewe. Ikigusa mitungi narudisha.

Nimeshatafuta Jumapili sita. Naona baiskeli, beseni, mlango wa friji, mawe yaliyokatwa vizuri yakaachwa. Nimeona mdomo wa bomba la pampu. Austine sijamwona.

Nikiona lile bomba sasa siwezi kuendelea kunyamaza. Nilikwambia pampu ilikataa kuvuta. Sikukwambia pampu ilikuwa mikononi mwa nani. Mimi ndiye nilikuwa nimepewa kazi ya kuitengeneza. Nilifungua mota, ikawa nzima, nikasema ni takataka tu kwa mdomo wa bomba. Austine alikuwa amekuja kuniletea chapati kutoka kwa Mama. Nikamwambia, "Wewe si ni samaki, hebu zama unitolee." Akacheka akavua viatu, akaingia na ovaroli yangu ya bluu ili asichafue suruali ya kanisa. Nilikaa pale nimeshika bisibisi, nikimngoja. Hakuna mtu anajua. Mama hajui, Dani hajui. Sasa unajua wewe, na afande wa barua.

Ukitaka nisikuandikie tena, nitaelewa.

Dani anasema atangoja mpaka Desemba.

Winny


Gerezani
3 Novemba 2024

Mpendwa Winny,

Nilianza barua hii mara nne. Ya kwanza niliichana kwa hasira, ya pili na ya tatu kwa aibu ya ile ya kwanza. Nisamehe kwa kukuacha miezi miwili ukidhani nimekukataa. Afya yangu si mbaya. Mzee Ngigi alitoka mwezi uliopita, akaniachia kamusi yake isiyo na jalada.

Huku hakuna habari, ila jana redio ya bweni ilihama masafa katikati ya taarifa ya habari, ikaanza kutupigia mahubiri ya stesheni nyingine. Wanaume sitini walipiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Nikaitwa. Nilizungusha kitufe kiasi cha unywele mmoja tu, ikarudi kwenye masafa yake, wakanipigia makofi. Nimeshangaa jinsi makofi yalivyonifurahisha.

Sasa lako. Sitakwambia jambo lile halina uzito, maana utajua nadanganya. Lina uzito. Nilipolisoma nilikuchukia siku kumi na moja, nilizihesabu. Siku ya kumi na mbili nilikumbuka ni nani aliyemfundisha mtoto yule kuzama. Ni mimi, kule mtoni kwetu, akiwa na miaka saba, nikimrushia shilingi chini ya maji azitafute. Nilimwita samaki kabla yako. Bomba likiziba mtu huzama kulizibua, na ningekuwa mimi pale ningemwambia neno lile lile. Basi. Usilibebe tena peke yako, na usilifiche nyumbani.

Na hili ambalo mama amelingoja tangu Machi. Sikulijibu kwa sababu niliona nikisema tu, ni mimi nitakayekuwa nimemzika, na mwili wake sijauona. Ndiyo maana nilikujaza mawimbi na vibali. Lakini umetafuta ndani ya sheria, kwa uaminifu, na maji yamekataa. Neno langu ni hili: lizikwe yago. Nimemwandikia mama leo leo, kwa mkono wa kasisi. Pumzika sasa, binti.

Baba yako mdogo,
Phares


Mowlem, Nairobi
Ijumaa, 20 Desemba 2024

Baba Mdogo,

Leo sina salamu. Sote ni wazima. Soma ukiwa umekaa.

Barua yako kwa Dani ilifika mbele ya yangu. Kasisi aliifikisha haraka, na hii yangu ikakwama posta. Jumamosi tarehe kumi na nne tulizika yago Ukwala. Lilivishwa shati lake jeupe, likawekwa kwa jeneza dogo, Baba akasoma Zaburi kwa sauti ya kukatika. Dani alirusha udongo wa kwanza. Nilirudi Jumatatu, nikaikuta barua yako kwa sanduku, nikaisoma nimesimama pale posta.

Nilifika pale kwa redio nikakwama. Redio ilihama masafa. Redio gani? Iko kwa rafu, haina miguu, imehamaje? Nikasoma tena. Ikarudi kwenye masafa yake. Baba Mdogo, masafa ni nini?

Kwangu masafa ni umbali. Mbio za masafa marefu. Kombora la masafa marefu. Kwa meza ya fundi sisi husema frikwensi, na wewe umesema frikwensi miaka yote nikikushikia tochi, hujawahi hata siku moja kusema masafa. Ile arobaini ya kibali niliijua, imeandikwa hapo kwa ukuta. Yako nikadhani ni sheria nyingine, ya mita, kwa sababu ulisema niweke alama, ukasema nikivuka nimeingia kwa wenyewe, na kule ng'ambo kweli kuna wenyewe. Miezi mitano. Kila Jumapili nilifika kwa ile mitungi nikageuza.

Nilienda kwanza kwa jamaa wa uzio, nikamwomba ruhusa. Akanishangaa: "Siku zote ulikuwa unaogopa kuniuliza?" Jumanne nilikata kamba.

Mita hamsini na mbili. Kuna reli ya mashine ya kukata mawe, na ovaroli ya bluu imenaswa hapo, labda mafuriko yaliisukuma. Nilisimamisha picha nikaona mfuko wa kifuani nilioushona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Wapiga mbizi wakarudi, nikawaonyesha pa kuingilia, na haikuchukua hata nusu saa. Yuko mochari sasa. Baba alimtambua kwa meno, na polisi wameandika yote.

Tumempata, na kule Ukwala kuna kaburi lenye jina lake na ndani kuna tunda. Siku tatu, Baba Mdogo! Tungengoja siku tatu. Wazee wamekaa wakasema mtu hazikwi mara mbili, azikwe tu hapa mjini Lang'ata, mambo yasiharibike. Dani ameambiwa kila kitu, isipokuwa lile la bomba. Sasa tunakungoja tena wewe.

Winny


Gerezani
4 Januari 2025

Winny,

Kasisi amekubali kuileta hii kwa mkono wake, isipotee njiani.

Neno lilikuwa langu. Nilitaka kumfurahisha afande, nikaazima neno la Mzee Ngigi, na nikaona fahari kuliandika. Sikufikiri ungelisikia kwa sikio la Mowlem. Mimi mwenyewe kabla ya kuingia humu ningelisikia kama wewe. Kosa hilo usiligawe, niachie lote.

Na kwa kuwa wewe uliniambia lako, pokea langu. Ulisimama katika korti ya Makadara ukaapa kwamba sikujua vijisanduku vile ni vya kazi gani. Uliapa kwa moyo safi. Nilijua, Winny. Nilijua tangu cha pili. Nilikuangalia ukiapa, nikainamisha kichwa, nikanyamaza.

Sasa wasikize wazee hawa neno la baba. Austine asizikwe Lang'ata. Apelekwe nyumbani, achimbiwe kaburi lake jipya karibu na babu yake. Lile la kwanza lisiguswe. Wakiuliza la nani, waambieni ni langu. Yago lililozikwa ni langu mimi. Mimi ndiye niliyepotea katika familia hii, na mtu aliyezikwa kwa yago harudi kukaa bomani, najua, nimelifikiria. Nikitoka nitatafuta pa kukaa. Jina kwenye msalaba mlibadilishe.

Mwambieni mama polepole.

Phares


Mowlem, Nairobi
Jumapili, 26 Januari 2025

Kwako Baba Mdogo,

Pokea salamu kutoka Ukwala na Mowlem. Baba alichechemea njia nzima nyuma ya jeneza, fimbo aliisahau kwa gari. Austine tulimzika Jumamosi tarehe kumi na nane. Watu walijaa, hata Mutheu wa ofisini alikuja, na Muse akatuma blanketi.

Kabla ya jeneza kushushwa niliomba kusema. Nikawaambia ni mimi nilimtuma kwenye maji, siku aliyoniletea chapati. Mama akatoa sauti siwezi kuiandika. Mzee mmoja akasema niketishwe mbali na kaburi, na Dani akamwambia anyamaze, akanivuta nikasimama karibu naye, akanishika kifundo cha mkono mpaka mwisho. Alikishika kwa nguvu, alama ya vidole ilikaa siku mbili. Baadaye aliniuliza jambo moja tu, kama Austine alikuwa amekula zile chapati. Nikamwambia alikula moja njiani. Ndipo akalia, Baba Mdogo. Ni mara ya kwanza tangu Februari.

Barua yako nilimsomea Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, wazee wakiwa pale. Nilisoma polepole ulivyosema. Wazee waliipenda. Walisema baba amefungua njia, kaburi la kwanza liwe lako na mambo yaishe. Dani aliinuka akaingia ndani. Tukadhani amekwenda kulala. Akatoka na jembe.

Akaenda mwenyewe hadi kwa lile kaburi, na magoti yale yake, akaanza kuchimba. Wazee wakapiga kelele kwamba mwiko, mwiko, na yeye anachimba. Alipotoa udongo kama wa beseni mbili, Baba akamnyang'anya jembe akaendelea, na mimi nikaingia na mikono. Yago lilikuwa limeanza kulainika ndani ya shati. Dani akalitoa, akalifua shati, akalianika kwa kamba ya nguo. Tunda akampa ng'ombe. Austine amelala hapo hapo, kwa kaburi lake la kwanza, na msalaba ule ule. Sasa nyumbani kuna kaburi moja tu.

Tunakuja kukuona siku ya kutembelea ya Februari, mimi na yeye. Amesema umwombe afande akunyoe upya kabla hatujafika, wembe, kichwa kizima, kwa sababu baba aliyemzika mwanawe hunyolewa. Nikamwuliza nikuandikie nini kuhusu lile neno lako la kwamba wewe ndiye uliyepotea. Alikuwa anapeta mchele, hata hakuinua macho.

"Mwandikie sina mtu aliyepotea," akasema. "Mmoja nimemzika, na huyo mwingine najua mlango alioko."

Binti yako,
Winny